Kona ya Masale

Siku ile nilivaa viatu vipya, nisiwafiche. Gari la zimamoto lilikuwa linakuja kupita kwenye barabara nilizozichora mimi! Mtaa mpya kabisa, pembeni mwa mji wa Same, viwanja vimepimwa, nyumba chache tu zimesimama. Nilikuwa nimewasumbua wakubwa wa ofisini wiki nzima: tujaribu gari sasa, kabla watu hawajajenga, tusisubiri moto. Bosi akachoka. "Haya, chukua hilo gari, utuache tupumzike."

Lakini moyoni nilikuwa na nyumba moja tu, ya mwisho kule juu, ya mama. Mama ana pumu. Alipozidiwa kijijini Vudee, wanaume wanne walimbeba juu ya kitanda, wamemfunga kwa kamba ya katani asiteleze kwenye mteremko, mpaka penye gari. Mimi nilikimbia nyuma nikilia. Nilimhamishia mjini kwa ahadi: mama, hapa gari litafika mlangoni.

Gari likaingia, watu wakatoka kushangilia. Kona ya kwanza, safi. Ya pili, safi kabisa. Ya tatu, ya kuelekea kwa mama, likakwama. Dereva akarudi nyuma, akasogea, akarudi tena, akazima injini.

"Dada, barabara ni pana. Ila kona umeichora kama pembe ya meza. Gari refu halipindi hapa."

Aibu iliyonipata! Nilipima upana wa barabara, nikasahau urefu wa gari.

Ilibidi kumega pembe ya kiwanja cha jirani, mzee mmoja mstaafu, aliyepanda masale mpakani siku aliyokabidhiwa kiwanja. Kwetu Upareni sale si pambo. Likishasimama mpakani, halisogezwi ovyo. Mzee akasema hang'oi hata moja. Hasira zikanipanda, nikamwambia mbele za watu kwamba mama yangu akifa, ameuawa na yeye na majani yake. Akaingia ndani, akafunga mlango.

Mama alipopata habari hakunikaribisha hata maji. "Ukosee wewe, atukanwe mwenzio? Mpelekee sale."

Maana sale ndilo la kuombea msamaha pia, na anayeletewa hapati pa kukatalia. Nikateremka mbio, nikachuma jani, nikabisha hodi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

Nikapiga goti, nikamkabidhi kwa mikono miwili. Nikasema nimekosa, kona niliiharibu mimi mwenyewe, na nilichokisema kinanichoma.

Akaligeuzageuza lile jani. "Binti, umelichuma wapi hili?"

Lo! Kwa haraka zangu nilikuwa nimelichuma kwenye mpaka wake! Mzee akacheka mpaka akakohoa. "Basi umeshaanza kuyang'oa, kamalizie. Ila utayapanda upya kwa mikono yako, nami nikikuangalia."

Tukasaini marekebisho ya ramani, na Jumamosi ikapigwa mbiu ya msaragambo, watu wote wakaja na majembe. Nilipanda masale kwa kufuata mpindo mpya, viganja vikachubuka, mzee amenisimamia: "Sogeza kidogo. Hapo. Hapana, rudisha." Nilitamani kumjibu, nikameza.

Gari likarudi. Kona ya tatu likapinda bila hata kusita, nami nikapiga vigelegele mpaka sauti ikakauka. Nikalikimbilia nyuma vumbini, safari hii nikicheka, hadi mlangoni kwa mama.

Mama akatoka, akaligusa lile gari ubavuni, akalizunguka lote. Akarudi ndani, nikasikia anahamisha vitu uvunguni, akatoka na kamba ya katani. Niliitambua mara moja. Alihama nayo kutoka Vudee, akaificha, na miezi yote ile hakuwahi kuniambia.

"Chukua," akasema. "Nifungie hapo uani, nipate pa kuanikia nguo."