Gunia la Mama Ndunge

Siku yangu ya kwanza katika ofisi ya safari pale Buruburu, Nairobi, meneja alinikabidhi kiti, kalamu na onyo. "Mteja akizuiwa bandarini, usiniletee habari za bahati mbaya," alisema. "Ni wewe hukumwandaa." Usingizi wangu ulianza kupungua siku hiyo hiyo.

Kazi ilikuwa kuwaandaa watu wa mitaa yetu kwa safari za meli za utalii, zilizotoka Mombasa na kuzunguka visiwa vya ng'ambo. Wengi hawakuwa wameona bahari. Niliwahimiza wadungwe mapema sindano ya homa ya manjano na kuchukua ile kadi yake, maana bila kadi kisiwani hushuki. Niliwafundisha kumeza dawa ya kichefuchefu kabla meli haijang'oa nanga, tumbo likiwa bado limetulia. Na pasipoti, niliwaambia mpaka wakanichoka, hukaa mwilini. Nilipopandishwa cheo kuwa msindikizaji, yaani wa kuwafikisha wasafiri hadi kwenye ngazi ya meli, wasiwasi nao ukapanda.

Mwaka wa mvua za El Nino nilimsindikiza Mama Ndunge, mjane wa Dandora. Binti yake alifanya kazi hotelini Ushelisheli na alikuwa ameolewa huko bila kumleta mume nyumbani. Yeye na binti walikuwa hawajasemezana kwa miaka. Mama ndiye aliyeamua kwenda, ila alikuwa na kiburi chake: hangeomba kwa binti hata leso. Ndiyo maana alijaza gunia kubwa nguo, shuka, sabuni, hata chumvi, akalishona mdomo na kulitanguliza kwa basi. Sisi tukashuka kwa treni.

Tulipofika Mombasa nilimwomba pasipoti. Akaniambia, ametulia kabisa, kwamba ameishonea ndani ya gunia kwa sababu treni ina wezi.

Basi halikuwa limefika. Tulisimama langoni mwa bandari tangu asubuhi, wasafiri wenzake wakiingia melini mmoja mmoja, nami nikimlaumu kimoyomoyo na kumhurumia papo hapo. Yeye alikunjakunja tu ncha ya kitambaa chake cha kichwani.

Alasiri utingo wa basi akatokea na gunia kwenye mkokoteni, matope hadi magotini. "Pole mathe," akasema. "Tulikwama huko Voi, maji imejaa barabara."

Nililipasua gunia kwa wembe. Pasipoti ilikuwa katikati ya shuka, kavu. Afisa wa meli aliikagua, kisha akalitazama gunia na kutikisa kichwa. Chumba cha mizigo kilikuwa kimeshafungwa. Angepanda mtu peke yake, au asipande.

Mama Ndunge aliliangalia gunia lile. Nilijua anapigana na nini, na niliogopa kiburi kingeshinda.

"Rudi nalo Nairobi, mwanangu," akasema. "Nguo nitamwomba mtoto."

Sasa nimestaafu. Mpaka leo mtu akija kuniaga kwa safari, mimi humwuliza maswali hadi wajukuu wananicheka. Kazi ile ilinizeesha mapema, wala sidanganyi kwamba niliifurahia kila siku. Lakini Mama Ndunge aliporudi alinipitia ofisini, amevaa gauni lililompwaya mabegani. Nikalisifia. Akajibu kwa majivuno kwamba ni la binti yake.