Moto Aliousema Koko

Ilianza Jumamosi, saa kumi na dakika ishirini jioni, tonton, mdogo wa baba yangu, aliposhuka kwenye pikipiki mbele ya lupango letu, kiwanja chenye nyumba yetu, hapa Mangobo, Kisangani. Alitoka Ubundu na mchumba wake, mkononi jogoo aliyefungwa miguu. Hata hajakaa, akampa bibi yetu, tunayemwita koko, yule jogoo.

“Koko Moto! Huyu umuchinje kwanza, ndiyo umuweke ku moto, eh!”

Mchumba akauliza kwa nini Koko Moto. Tonton akamsimulia, kwa mara ya mia sijui ngapi. Watu wote wakacheka. Koko naye akacheka, pindo la kikwembe, ile kanga yake, mdomoni. Na mimi nikacheka, tena kwa sauti kuliko wote, mimi ambaye darasani mwalimu hunisogelea ili anisikie. Hapo ndipo aibu iliponishika. Sasa kaa hapa, nikuandikie kile ambacho tonton alikuwa hajui.

Nilikuwa na miaka tisa. Koko ni mtu wa mtoni, upande wa Yanonge, na lugha yake ya mji ni Lingala. Kiswahili alijifunza mwenyewe, kwenye ua, kwa jirani yetu mama mshonaji, wa zile familia za Waislamu wa zamani walioleta Kiswahili mjini hapa. Asubuhi nilisikia cherehani ikilia, halafu mama mshonaji akisahihisha: “Si ‘kuku yangu iko nalala’, mama. Sema kuku wangu amelala.” Koko anamjibu: “Kuku yangu haikusoma masomo kama yako!” Wanacheka mpaka cherehani inasimama.

Kuku walikuwa kitu pekee katika lupango kilichokuwa chake, si cha papa, baba yangu. Mimi nilimsaidia. Tulitwanga mahindi yawe laini kama mchanga, tulipasua kichuguu na kukung'uta mchwa kwenye kifuniko cha sufuria, na vifaranga walikimbia wakikanyagana. Kwenye maji koko alitia pilipili kidogo, dawa yake ya mafua ya kuku.

Siku moja pikipiki ikamgonga mama wa vifaranga barabarani, akafa. Wakabaki kumi na mmoja, wenye wiki moja tu. Koko akasema baridi itawaua kabla ya njaa. Aliwalaza ndani ya kitunga chenye vitambaa, na mvua ikinyesha aliwaweka tumboni chini ya kikwembe, akakaa bila kutikisika. “Usinichekeshe,” aliniambia, “tumbo ikicheka, batoto wataamuka.” Niliona kichwa kimoja cha manjano kikichungulia kwenye pindo, kikarudi ndani.

Mchana mmoja alikuwa anaenda matangani. Mawingu yalikuwa yameshuka. Akaniambia: “Mvua iko nakuya. Usiache batoto hawa bila moto.”

Kwa Lingala, moto ni mtu. Kwa Kiswahili unajua mwenyewe moto ni nini. Koko alichanganya lugha kama kila mtu hapa Kisangani. Lakini alipokuwa akilisema hilo neno, kiganja chake kilikuwa kifuani mwangu. Nilielewa. Naandika tena: nilielewa.

Kisha wasichana wakaniita barabarani. Walikuwa wanacheza nzango, ule mchezo wa kuruka na kurusha miguu huku wengine wanapiga makofi, na kundi moja lilipungukiwa mtu. Mimi hakuna aliyewahi kuniita. Nilichukua mbabula, lile jiko letu, yenye makaa yanayowaka, nikaisogeza karibu kabisa na kitunga, nikafunika vyote kwa gunia ili upepo usiingie. Nikakimbia. Mvua ilipoanza, tulihamia barazani kwa watu, tukaendelea kuruka.

Niliporudi nikafunua gunia. Joto na harufu ya moshi vilinipiga usoni. Wote kumi na mmoja walikuwa wamelundikana upande wa mbali, midomo wazi, manyoya bado laini.

Koko akaingia wakati huohuo, pamoja na papa na tonton. Papa akauliza: “Nani aliweka mbabula humu?”

“Koko alisema nisiwaache bila moto.”

Halafu tonton akapasuka kwa kicheko, akashika ukuta. “Mama! Lingala yako imechoma kuku!” Papa naye akashindwa kujizuia.

Koko aliniangalia. Angeweza kusema kwamba alimaanisha mtu. Alisema tu: “Kweli. Kiswahili yangu ni mubaya.” Akainama, akaanza kuwaokota mmoja mmoja ndani ya kikwembe.

Hakufuga tena. Kwenye ua akawa anasalimu kwa Lingala, maneno mawili, basi. “Mama, Kiswahili chetu umekitupa?” aliuliza mama mshonaji, na koko akamjibu kwa Lingala. Baadaye yule mama akahama na cherehani yake. Siku hizi asubuhi kwetu ni redio na simu za watu. Nikiwa kitandani huwa nautafuta ule ubishi wa kwenye ua, na najua ni mimi niliyeuzima. Vifaranga ni vifaranga. Lakini kile Kiswahili koko alikijenga mwenyewe, akicheka, na kwa miaka minane nimeacha watu wakifanyie mzaha.

Usiku wa Jumamosi nilitaka kuyaandika haya, lakini sikuandika chochote.

Jumapili asubuhi, wote walikuwa wamekaa kwenye chai na mikate: papa, tonton, mchumba wake, koko kwenye kiti chake kidogo karibu na mlango. Nilisimama. Sauti ilitoka ndogo, nikaanza upya ili wote wasikie.

“Siku ile ya vifaranga, koko alisema mutu. Nilisikia mutu. Nikaenda kucheza.”