Dakika Ishirini za Mkanda Mama

Kwa nini baba alizima deki siku ile, badala ya kuuacha mkanda ujiendee hadi mwisho wake? Mtu pekee aliyeweza kunijibu tulimzika mwaka jana, na mama, nikimwuliza, huniambia niwaache marehemu wapumzike. Baba alikuwa mpiga picha za video pale Kagongwa. Alizijua kanda zake kama mfugaji anavyowajua ng'ombe wake, na hakuwa mtu wa kuzima kitu kabla hakijaisha.

Chumba chake cha kazi kilikuwa na harufu ambayo sijaikuta kwingine: spiriti ya kusafishia, plastiki iliyopata joto, na vumbi linaloungua polepole ndani ya mashine. Msimu ninaoukumbuka ulikuwa wa mvua, nami nilikuwa darasa la sita. Juu ya meza ndefu zilikaa deki mbili, televisheni yenye kisogo kirefu, na mashine ya kuchanganyia picha ambayo kwa kitufe kimoja iliwafunga maharusi ndani ya umbo la moyo. Deki ya kushoto ilicheza mkanda aliotoka nao harusini, ule aliouita mkanda mama. Ya kulia ilirekodi nakala ya wateja, naye akaamua kipi kipite na kipi kibaki. Mimi, mzaliwa wake wa kwanza, alinifundisha kuunganisha waya. "Njano picha, nyekundu na nyeupe sauti," alisema. "Ukikosea, Milembe, bibi harusi wa watu atakuwa bubu." Alinifundisha pia kusafisha kichwa cha deki: karatasi laini iliyoloweshwa spiriti inashikwa bila kusogezwa, na kichwa chenyewe cha mviringo ndicho kinachozungushwa kwa kidole, taratibu. Ukisugua juu na chini, unakiua.

Alinifundisha na jambo la tatu, ambalo ningependa nisingelijua. Kila mkanda una kijino cha plastiki mgongoni. Ukikivunja, deki inakataa kurekodi juu yake. Ukitaka kurekodi tena, unaliziba tundu kwa kipande cha selotepu. Baba alivunja vijino vya kanda mama zote na kuzipanga safu ya juu ya kabati. Zile ambazo wenyewe walikwisha kuchukua nakala na kuridhika, alizishusha safu ya chini, akaziba matundu kwa vipande alivyovikata sawasawa kwa mkasi. Safu ya juu haikuguswa na mtu.

Mwanzoni mwa mvua zile alirekodi harusi ambayo msimamizi wa bwana harusi alikuwa Shija, kijana wa upande wa Tinde aliyechimba dhahabu huko Geita. Shija alisifika kwa bugobogobo, ngoma yetu ya majembe. Sherehe ikielekea mwisho, alivua koti la suti, akaomba jembe, akalirusha juu na kulidaka mgongoni hadi wazee wakasimama. Upande wa bibi harusi walikuwa watu wa kanisa sana. Waliomba vituko hivyo viondolewe, na baba akaviondoa. Katika nakala ya maharusi Shija hakuonekana akicheza hata mara moja. Ngoma yake ilibaki kwenye mkanda mama tu.

Baba alipokwenda Kishapu kurekodi harusi nyingine, alizibeba kanda zote za safu ya chini. Siku hiyohiyo rafiki yangu wa darasani aliniazima filamu ya karate, kwa sharti niirudishe jioni. Niliitaka iwe yangu. Nilichukua mkanda mmoja wa safu ya juu, nikakata selotepu kwa meno, nikaliziba tundu, nikaunganisha njano kwa njano, nikarekodi bila kuurudisha mkanda mwanzo. Sikuteleza. Nilijua maana ya tundu lile kama nijuavyo leo maana ya sahihi yangu.

Kabla wiki haijaisha, duara moja, yaani shimo la wachimbaji, liliporomoka kwa mvua, na Shija alikuwa chini. Wenzake walifukua siku nne, kisha udongo ukaanza kuwatishia na wao, wakaacha. Hapakuwa na mwili wala kaburi.

Matanga yalipokwisha, mama yake alikuja kwetu na wifi yake. Kwetu Shija ni jina la mtoto anayefuata mapacha. Mapacha wenyewe hawakufikisha mwaka, na huyu mmoja ndiye aliyebaki kumpa mama jina lake. Alikaa kwenye stuli mbele ya televisheni, kanga imefungwa kiunoni kama aliyekuja kulima. "Baba Milembe, sitaki kuondoka na kanda yako," alisema. "Nataka nimwone tu akitembea."

Nilikuwa nimesimama mlangoni. Ningeweza kusema. Baba alisafisha kichwa cha deki, akaweka mkanda, na harusi ikaanza: kanisa, gari lenye maua, bega la mtu anayefungua mlango. "Bega hilo ni lake!" mama yule alisema. Kisha picha ikachafuka kwa mistari, na mtu mwenye nguo nyeusi akarukia ukuta kwa mateke.

"He! Baba Milembe," wifi akasema, "huyu Mchina naye alialikwa na upande gani?" Alicheka peke yake.

Mama Shija hakuondoa macho kwenye kioo. "Atapita," alisema. "Tungoje apite."

Baba akabonyeza kitufe, kioo kikawa cheusi. "Hatapita, mayu," alisema, akimwita mama kwa lugha yetu. "Nimeufuta. Ni mimi, nilikosea."

"Una watoto wangapi?"

"Wanne."

"Mimi nilikuwa na mmoja."

Walipoondoka, baba aliutoa mkanda, akaugeuza, akakitazama kile kipande cha selotepu chenye alama za meno. Kisha akaupandisha mkanda juu ya kabati, akaniambia nikaone kama mama anahitaji maji. Hakuuliza kitu siku ile, wala siku nyingine yoyote ya maisha yake. Sokoni watu waliambizana, "Usimwite yule, utaoa wewe akuletee Mchina," na harusi zikapungua hadi akafungua kibanda cha kutengeneza redio. Mimi nilifaulu, nikasoma hadi chuo kikuu, nikapata kazi Mwanza. Baba alipofariki, Mama Shija hakuja kuzika, na watu waliliona hilo.

Mwezi uliopita nilirudi Kagongwa kuzihamishia kanda zake kwenye kompyuta kabla ukungu haujazimaliza. Mpira wa kuzungushia ndani ya deki ulikuwa umeyeyuka ukawa kama lami. Fundi mmoja wa Kahama alinifungia mwingine. Nilisafisha kichwa kwa spiriti na karatasi, mkono wangu ukikumbuka wenyewe mahali pa kushika. Deki haziharakishwi: harusi ya saa mbili huchukua saa mbili kunakiliwa. Kwa hiyo nilipofika kwenye mkanda ule, niliuweka ucheze, nikatoka kumsaidia mama kuchambua choroko uani. Niliisikia filamu ikiisha kwa tarumbeta zake. Nikasikia mkwaruzo, halafu ngoma. Nilipokimbilia ndani, Shija alikuwa kwenye kioo, shati limelowa jasho, jembe hewani, akimpigia kelele mama yake: "Mayu, sogea, lisikuangukie!" Na mama yake, kijana kuliko nilivyo mimi sasa, alikataa kusogea.

Harusi ilijaza kama saa mbili za mkanda, na filamu ilikuwa ya saa moja na nusu. Nilifuta nilichofuta, na dakika ishirini za mwisho zilibaki nzima. Mchina angengojwa, angepita. Baba alizijua hesabu hizo. Pengine alishtuka tu. Pengine aliona kila sekunde ya karate ikimkaribisha mtu kuuliza nani aliirekodi, akachagua kumficha binti yake nyuma ya kioo cheusi. Sina njia ya kujua, na kila jibu linanitia aibu kwa namna yake.

Leo simu ya mpwa wangu ina video nyingi kuliko kabati lote la baba, naye huzifuta akiwa anatafuna, ili apate nafasi. Simlaumu. Lakini zamani ile mtu aliweza kubaki duniani kwenye mkanda mmoja tu, ndani ya nyumba ya mtu mwingine, na mtoto mwenye selotepu akatosha kumzika mara ya pili.

Jioni nilimwonyesha mama. Alilia kidogo, akajifuta. "Mpelekee Mama Shija picha," alisema. "Mwambie tumezikuta. Maneno mengine yaache, baba yako ameshayabeba."

"Ameyabeba yeye, mama. Yalikuwa yangu."

"Na yule mama mzee utamwongezea nini? Utajipunguzia wewe tu."

Nilijua tu kwamba kwenye kijiji cha Mama Shija jina la baba lilikuwa bado limelala chini ya kosa langu.

Asubuhi iliyofuata nilishuka Tinde na kutembea na kompyuta yangu mgongoni. Mama Shija alikuwa kwenye stuli nje ya nyumba, akipukuchua mahindi kwa kupapasa. "Ng'wangaluka, mayu. Shikamoo."

"Marahaba. Nani?"

"Milembe. Wa yule mpiga video wa Kagongwa."

Mikono yake ilisimama. "Huyo simzungumzii."

"Ndiyo maana nimekuja. Siye aliyefuta mkanda. Niliufuta mimi, mayu, kwa makusudi, nipate filamu ya karate. Baba alisema uongo kwa ajili yangu. Na Shija hakufutika wote. Nimekuja naye, dakika ishirini."

Kuku wakaanza kula mahindi ya kwenye ungo, naye hakuwafukuza. "Sikwenda kumzika baba yako," alisema.

"Najua."

"Uliniacha nimlaumu yeye miaka yote."

"Ndiyo."

Aligeuza uso kunielekea, akakosea kidogo, akatazama pembeni ya bega langu. Macho yake yalikuwa yamefunikwa na ukungu mweupe. "Mimi nimebakiwa na mwanga tu," alisema. "Weka sauti kubwa."

Niliweka kompyuta magotini mwake, nikaongeza sauti mpaka mwisho, nikabonyeza.