Gari Jeusi na Gari Lililonuka Papa

Dada yangu aliponiambia, "Kaka, gari kachague wewe," nilipaswa kukataa. Nilipaswa kumwambia avae baibui lake, tupande chapa, basi dogo la abiria, pamoja mpaka mjini Pemba, akayaone magari kwa jicho lake lililokuwa bado zima, achague mwenyewe, kwa kuwa fedha zilikuwa zake. Badala yake nilizipokea, nikazifunga kwenye kitambaa na kuondoka peke yangu. Nilikuwa nimeshastaafu ukarani wa shule, mvi zimejaa, na bado nilijisikia mkubwa kama mtoto aliyetumwa dukani kwa mara ya kwanza.

Fedha zilitoka kwenye kiwanja cha mama yetu, kando ya barabara hapa Mocímboa. Kwetu, mali ya mama hushuka kwa binti, kisha kwa watoto wa binti. Mwana wa kiume hairithi, ila huisemea. Watoto wa dada wakiumwa, wakiposwa, wakizaa, anayeulizwa kwanza ni mjomba. Tuliporudi kutoka ukimbizini tulikuta nyumba ya mama imebaki kuta, na dada akaona ni bora kumuuzia kiwanja mfanyabiashara aliyetaka kujenga ghala. Yeye na binti yake wa mwisho wakahamia kwangu. Mimi ndiye niliyekwenda kuzungumza na mnunuzi, na neno langu ndilo lililopita. Ndiyo maana hata kwenye gari alinitanguliza. Alikuwa anafuata desturi. Mimi ndiye niliyeitumia vibaya.

Dada alikuwa na presha ya macho. Jicho la kushoto lilikuwa limekwenda kule kule ukimbizini, wakati hakuna hata mmoja wetu aliyejua jina la ugonjwa. La kulia lilikuwa linaona. Daktari wa Pemba alisema litaendelea kuona iwapo atatia matone kila siku bila kuruka, na iwapo atarudi konsulta kila anapoitwa kupimwa. Matone hayo hapa kwetu hayapatikani. Chapa huondoka likijaa, na siku nyingine halijai. Tukakubaliana tununue gari ambalo siku za konsulta litampeleka dada, na siku nyingine litakodishwa na watu wa maofisi na watu wa harusi, ili kodi yake inunue matone. Kwa kazi hiyo tulihitaji gari dogo la heshima, si pikapu ya kubebea mihogo.

Watu wengi hawajui kwamba gari la heshima lililozeeka halina bei kubwa. Gari ambalo zamani alilipanda mkurugenzi, likishapita mikono mitatu minne, hushuka mpaka likamfikia mtu kama mimi. Linauzwa sawa na kigari kipya kipya cha kawaida. Linaloshuka ni bei ya gari tu. Bei ya spea zake hubaki pale pale ilipokuwa wakati wa mkurugenzi. Nilikuwa naijua habari hiyo, nilishawahi kuisikia kwa watu, na kila nilipoisikia niliona inawahusu wengine.

Kwenye yadi ya Pemba palikuwa na magari mawili yaliyoingia kwenye kiasi chetu, na bei zake zilikuwa karibu sawa. La kwanza lilikuwa jeupe, la Kijapani, zee zaidi, rangi imebanduka juu ya paa, viti vya kitambaa kinene kama mahameli. Injini yake iliwaka mara moja na ikanguruma taratibu bila kutetemeka. Kasoro yake ilikuwa harufu. Mwenye nalo alikuwa mchuuzi wa papa mkavu, akijaza buti na kiti cha nyuma, akipandisha mzigo mpaka kwenye nyanda za juu, na papa huyo alikuwa ameingia ndani ya kitambaa.

La pili lilikuwa jeusi, la Kijerumani. Viti vya ngozi, mbao zinazong'aa kwenye milango, na nyuma pazia dogo lililopanda lenyewe kwa kitufe.

Muuzaji alikuwa kijana wa makamo aliyekaa juu ya tairi anakula embe kavu. Sitaki kumsingizia. Aliniambia kila kitu.

"Mzee, nikuambie ukweli, maana baadaye utarudi hapa kunitukana. Hilo jeusi halina springi kama magari mengine. Linasimama kwa mifuko ya upepo. Mfuko ukichoka linakaa chini kama kuku anayeatamia, na mfuko mwingine utausubiri kutoka Afrika Kusini. Hili jeupe linanuka, basi. Hiyo harufu utaishi nayo."

Nikamwomba anifungulie mlango wa nyuma wa lile jeusi. Hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo naamini mtu wa kwingine asingelifanya. Kwetu, mbele ya shehe wanaoozesha ni upande wa baba, lakini anayemtoa bibi harusi mlangoni, akaketi naye nyuma ya gari na kumfikisha kwa mumewe, ni mjomba. Na binti wa mwisho wa dada alikuwa ameshaposwa. Niliketi pale nyuma, nikafunga mlango, kelele za nje zikakatika. Kwa mawazo nikamwona mpwa wangu amekaa kando yangu na mtandio wake, na mtaa mzima umesimama. Kisha nikaenda kukaa nyuma ya lile jeupe, na harufu ya papa ikanijia puani. Nawajua wanawake wetu wakiwa harusini. Wangetunga wimbo juu ya bibi harusi aliyeletwa pamoja na kitoweo, na wimbo huo ungeimbwa mpaka wajukuu zake waolewe.

Kwa hiyo nilichagua gari nikiwa nimekaa kiti cha nyuma. Sikufungua boneti, wala sikuinama kutazama chini. Sikulifikiria jicho la dada hata mara moja tangu nilipoingia yadi mpaka nilipotoka.

Nilipofika nyumbani dada alilizunguka gari akilipapasa. Alipofika mlangoni aliinama, akaingiza kiganja chini ya tumbo la gari.

"Kaka, mbona liko karibu na mchanga hivi?"

Nikamwambia lina kitufe, ukikibonyeza linainuka.

"Na kitufe kikigoma?"

Nilicheka. Nikamwambia mambo ya magari aniachie mimi.

Haukupita muda, lile jeupe likaonekana mtaani kwetu. Alilinunua jirani yangu wa upande wa pili wa barabara, anayechuuza mahindi kutoka Diaca. Aliviosha viti kwa ndimu, akaliacha milango wazi juani mchana kutwa, na bado masika yalipoingia papa alirudi. Watoto walikuwa wakilipita wanaziba pua. Mimi nilikuwa nikikaa barazani nawatazama, na nilifurahi. Hilo nalo niliseme.

Harusi ilikwenda kama nilivyoiona pale yadini. Mpwa wangu aliketi kando yangu, pazia likapanda kwa kitufe, na nilishuka mbele ya watu nikijua wananitazama mimi na gari kwa pamoja. Tulipokuwa tunamshusha bibi harusi kwa mumewe, gari likatoa pumzi ndefu, pembe moja ya nyuma ikashuka mpaka tairi likazama ndani. Shangazi mmoja wa upande wa bwana harusi akasema, "Mjomba, gari lako lina adabu. Limepiga goti kutusalimia." Watu wakacheka, na mimi nikacheka nao.

Halikuinuka tena. Fundi alisema mfuko umepasuka na hawezi kulidanganya gari kwa kiraka. Tukaagiza mwingine. Fedha tulizoagizia zilikuwa za matone. Nilimweleza dada kwamba tunaazima tu, gari likianza kukodishwa zitarudi, na yeye akasema sawa. Mfuko ukafika baada ya kusubiri sana, na ulikuwa wa upande usio wake. Tukaurudisha, tukaanza kusubiri upya. Wakati huo dada alianza kutia tone siku moja, siku ya pili anaruka, ili kichupa kisiishe. Sikuambiwa na mtu. Nilikuwa namwona.

Siku ya konsulta ilipokaribia, jirani alivuka barabara akaja mpaka barazani kwangu. Hakukaa. Alisema kesho kutwa anakwenda Pemba, kiti cha nyuma kiko wazi, atampeleka dada mpaka mlangoni kwa daktari, atamsubiri, atamrudisha, na hataki kitu. Nadhani alijua hali ya gari langu, maana lilikuwa limelala uani mbele ya macho ya kila mtu.

Nikamjibu, "Dada yangu ana gari."

Akanitazama kidogo, akasema haya, akavuka tena barabara. Dada alikuwa nyuma ya pazia la mlango. Nilijua yuko pale, kwa sababu niliona ncha za miguu yake chini ya pazia. Alingoja nimwite, nami sikumwita. Sikutaka mtaa umwone dada yangu akipanda gari nililolikataa. Kwa usiku mzima ningeweza kuvuka barabara na kusema nimebadili mawazo, na sikuvuka. Asubuhi nilimwambia kwamba hospitali wametuma habari, siku imesogezwa mbele. Akauliza imesogezwa mpaka lini. Nikasema watatuambia.

Mfuko sahihi ulikuja masika yameshaisha. Gari likainuka, nikalipiga sabuni, tukaondoka mimi, dada na mpwa wangu, ambaye sasa alikuwa mjamzito na alitaka kumsindikiza mama yake. Dada aliketi nyuma, mahali pangu pa siku ya harusi. Tulipokaribia njia panda ya Awasse, akasema, "Leo ukungu mwingi, kaka. Endesha polepole."

Jua lilikuwa kali. Lami mbele yetu ilikuwa inameremeta. Nilipunguza mwendo, nikasema sawa, na mpwa wangu akanitazama kwenye kioo.

Daktari alimpima muda mrefu. Alisema kilichokwisha kwenda hakirudishwi kwa dawa wala kwa kisu, na kilichobaki ni kidogo sana. Akauliza kwa nini hatukuja ile siku yetu, kwa sababu ile siku pengine pangekuwa na la kufanya. Mpwa wangu akasema siku ilisogezwa. Daktari akafungua jalada lake, akasema hapana, hakuna siku iliyosogezwa, walituita na hatukuitika.

Mpwa wangu alinigeukia.

"Mjomba, nani alisogeza siku?"

Nikasema ni mimi. Nilisema hivyo mbele ya daktari, na mbele ya dada aliyekuwa amekaa ameinamisha kichwa, anapapasa ukingo wa mtandio wake. Tulipofika nyumbani, nikimshika mkono dada ashuke, aliniambia kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayezungumzia chumvi ya mchuzi: "Ungeniuliza tu, kaka. Ningepanda hata lenye kunuka."

Jicho lilizimika kabla ya Ramadhani. Mpwa wangu alikuja na mumewe wakamchukua mama yake kwenda kukaa naye. Hawakugombana nami. Walinishukuru kwa kumtunza.

Mtoto alipozaliwa, msichana, nilingoja waje kuniuliza jina, kama ilivyo desturi. Wakamwendea mdogo wangu wa kiume anayekaa Pundanhar, ambaye kwao alikuwa hajulikani hata sura. Siku ya kumtoa mtoto nje nilialikwa. Nilipewa mkeka mzuri, nikaletewa wali na maji ya kunawa na mtu aliyeniita mzee, si mjomba. Dada alikuwa amempakata mjukuu wake, anamsoma uso kwa vidole, pua, nyusi, kidevu. Nikamwuliza anafanana na nani. Akasema, "Nitazamie wewe, uniambie."

Lile jeupe bado linakwenda Pemba. Lile jeusi liko uani kwangu, limelala juu ya mchanga, na kitufe cha pazia bado kinafanya kazi. Gari lile nililichagua kwa ajili ya siku moja ya kukaa kiti cha nyuma. Dada yangu hamwoni mjukuu wake, na watoto wake hawaniulizi tena jambo lolote.