Nionjee Chumvi

Mpishi wa supu ya maskini katika ukumbi wa kanisa pale Sunderland, mji wa waunda meli, kipupwe cha mwaka 1908, hakuwa na desturi ya kukaribisha mtu, yeye aligombeza. Mikono yake ilikuwa myekundu mpaka viwikoni, upawa haukumtoka mkononi, na sauti yake ilifika barabarani: "Mbona mmechelewa? Nani atanimalizia supu yote hii?" Basi watu walipanga foleni kama waliokuja kumsaidia. Elstob, fundi wa meli asiye na kazi tangu vuli, hakupanga. Alisimama mlangoni, jagi amelificha ndani ya koti, akijifanya anakimbia mvua. Kila siku mama yule alimnyooshea upawa. "Fundi, ulimi wangu umekufa ganzi. Hebu nionjee chumvi." Elstob alionja, akameza haraka, akajibu, "Ipo sawa, mama." "Shahidi mmoja hatoshi. Mpelekee na mkeo kidogo aonje." Na hicho kidogo kililijaza jagi mpaka likamwagika.

Mwezi Machi karakana za meli zikafunguliwa. Adhuhuri moja Elstob akaingia na nguo za kazi, uso umejaa masizi, akaupita msururu mzima, akauchukua upawa mwenyewe na kuonja. Akakunja uso. "Mama, chumvi imezidi!"

Mama akajishika kiuno, akacheka mpaka machozi. "Imezidi tangu Novemba, fundi. Hongera kwa kazi!"