Mama Riziki na Maji ya Hekaluni

Siku yangu ya kwanza kazini, Mratibu wa kituo cha wazee pale Northfield alinikabidhi koti la manjano linalong'aa, akasema, "Bwana Mghanga, unaotoka nao asubuhi ndio utakaorudi nao jioni. Mengine utajifunza." Nilikuwa nimefundisha shule ya msingi huko Taita kabla ya kumfuata mke wangu, muuguzi, hapa Birmingham. Nikadhani kuwatembeza wazee ni kazi nyepesi.

Ninyi mnaoingia kazi hii leo mna simu inayowaonyesha kila kichochoro. Sisi tulitangulia wenyewe kuipima njia: ngazi ziko wapi, choo kiko wapi, mzee ataketi wapi akichoka. Siku ya safari mmoja aliongoza mbele, na mwingine akawa mkia, yaani alitembea nyuma ya wa mwisho ili asiachwe mtu. Mimi nilipenda kuwa mkia. Huko nyuma ndiko wazee husema ya moyoni.

Mratibu alikuwa Mwingereza mpole mwenye hofu nyingi. Mwaka mmoja, kabla ya korona, alipanga safari ya Vesak, sikukuu ya Wabudha ya kukumbuka kuzaliwa kwa Buddha. Wengi wa wazee wetu walikuwa Wakenya wa kanisani, naye alilijua hilo. "Tunatazama, hatushiriki," alinionya. "Sitaki malalamiko."

Tulianzia jumba la makumbusho, tukasimama mbele ya Buddha mkubwa wa shaba. Kisha dereva wetu Abdi, Msomali aliyekulia Eastleigh, Nairobi, akatupeleka hekaluni. Kuwavua wazee viatu mlangoni kulituchukua muda. Uani palinukia udi na wali, na katikati ya beseni lililojaa maua palisimama sanamu ndogo ya Buddha akiwa mtoto. Watu walipanga foleni, kila mmoja akachota maji kwa kata na kuimwagia sanamu begani.

Kabla sijasema neno, Mama Riziki alikuwa ameshika kata.

Alikuwa Mkongomani wa Bukavu, mkimya, akiishi peke yake mtaa wa Kingstanding. Alimwaga maji mara moja, akamwaga tena. Kisha akaweka kata chini, akaanza kuosha kwa mkono: shingoni, nyuma ya masikio, makwapani, kama anavyooshwa mtoto.

"Mama Riziki!" alipaza sauti Mama Njoki, muuguzi mstaafu na mzee wa kanisa. "Hiyo ni sanamu! Toka hapo!"

Nilimgusa Mama Riziki bega. "Mama, watu wanangoja."

Hakugeuka. "Papa, uniache kidogo. Riziki yangu sikumuoshaka. Alikufia ku njia, tukikimbia vita. Nilimufunika na majani tu. Hata maji ya kumunawisha uso hatukuwa nayo."

Miaka yote tulimwita kwa jina la mwanawe, na hakuna aliyewahi kuuliza mwana huyo yuko wapi. Mimi nilidhani ni mtu mzima, labda yuko Kanada.

Niliondoa mkono wangu. Mtawa mmoja, asiyejua hata neno moja la Kiswahili, aliisimamisha foleni kwa ishara, akaleta kitambaa safi. Mama Riziki akaikausha sanamu taratibu, machozi yakimtiririka bila sauti. Abdi alikuwa amekuja kutuita. Alitazama, akaninong'oneza, "Wacha amalize, mzee. Nitawaambia ofisini kulikuwa na jam."

Ndani ya basi Mama Njoki aliomba kwa sauti dhidi ya ibada za sanamu. Hakuna aliyekaa karibu na Mama Riziki, nikaenda kukaa mimi.

Malalamiko yalifika kabla yangu. "Nilikuambia hatushiriki," alisema Mratibu.

"Hakuabudu, bosi. Alikuwa anamwosha mtoto wake." Nikamweleza.

Alifunga daftari lake la safari. "Nakuamini," alisema. "Lakini safari za nyumba za ibada zimekwisha."

Zikaisha kweli. Mama Riziki naye hakurudi kituoni. Mama Njoki aliposikia habari za yule mtoto, alibeba sufuria ya githeri akapanda basi mpaka Kingstanding. Mlango haukufunguliwa. Alirudi na sufuria yake, na tangu siku hiyo hakuomba tena kwa sauti mbele yetu.

Nilipostaafu walinikatia keki. Watu huniuliza kazi ile ilinifunza nini. Ilinifunza kwamba unaweza kumfikisha mtu kila mahali pazuri mjini na usijue ametoka wapi. Wiki moja baada ya kustaafu nilikwenda Kingstanding. Alinifungulia. Alikuwa amekonda. Alipomimina chai, nikamuuliza, "Riziki alikuwa mtoto wa namna gani?"

Aliweka birika chini. "Alikuwa anaogopaka maji," akasema, akatabasamu kidogo. "Nikimuosha, analia mpaka majirani wanakuja. Siku ile nilimuosha yote, papa. Hata masikio. Hakulia."

Hapo akalia yeye, nami sikumzuia. Nilirudi kila wiki, akanisimulia zaidi, mpaka kifua kilipomchukua majira ya baridi.

Siku ya mazishi, mchungaji aliyekuwa akiandaa maneno yake aliniuliza kama marehemu ameacha mtoto.

"Alikuwa na mmoja," nikamjibu. "Anaitwa Riziki. Tafadhali mtaje."