Mapipa Manne

Kiwanja chetu cha ndege, ng'ambo ya Katoro, hakina mtambo wa kupima mwonekano. Viwanja vikubwa vina kifaa kinachorusha mwanga na kupima kiasi kinachopotelea hewani. Sisi tuna mapipa meupe, yamepangwa kwa umbali sawa kandokando ya njia ya kutua ndege. Kazi yangu ni kusimama mwanzo wa njia na kuyahesabu mpaka la mwisho ninaloliona, kisha kumtajia rubani umbali huo kwa redio. Umbali ukiwa chini ya kiwango kilichowekwa, rubani haruhusiwi kujaribu kutua.

Barabara ya tipa za mgodi inapita ubavuni mwa kiwanja, halafu mlangoni kwa mama yangu. Mwenye tipa alilisimamisha boza lililokuwa likiimwagia maji. Vumbi likajaa, mama akaanza kukohoa. Akaenda kumwomba alirudishe. Yule bwana, mdogo kwake kwa umri, hakumpa hata shikamoo.

"Mama, vumbi hilo ndilo dhahabu yenyewe," alisema, wapambe wake wakicheka. "Vumilia."

Nilikuwa nimemshika mama mkono. Neno lile nikalitunza.

Kiangazi hicho hicho, siku ya sendofu, sherehe ya kumuaga binti yake kabla ya ndoa, yule bwana alikuwa akirudi kwa ndege ya kukodi ili amkabidhi bintiye mbele ya wageni. Upepo ulikuwa umekufa. Vumbi la tipa zake lililala juu ya njia kama shuka. Nikahesabu mapipa manne. Nikarudia, chuki isije ikahesabu badala ya macho. Manne.

"Manne tu, kepteni. Hapashukiki."

"Bosi anasema huku juu anakiona kiwanja chote."

"Anatazama chini, vumbi ni jembamba. Ukija kutua utalitazama kwa urefu wake."

"Najua, kaka. Ila anauliza, huwezi kuongeza pipa moja? Sherehe inamsubiri."

"Mwambie vumbi hilo ndilo dhahabu yenyewe. Avumilie."

Rubani alicheka, akageuza kuelekea Mwanza.

Bwana alikuja kutoka huko kwa gari, vioo juu, akitambaa nyuma ya tipa yake mwenyewe. Bintiye alishakabidhiwa na baba mdogo. Mama alikuwa nami mlangoni, khanga puani.

"Pole na safari, baba!" alimpigia kelele. "Vumilia!"

Nilicheka mpaka nikakohoa.

Boza halijarudi. Yeye bado anapanda ndege, nami bado nahesabu.